Mlingoti Mfupi

Nilipewa kazi ya bendera.
Tatu, za mezani, hariri, ukubwa wa leso,
na agizo moja kutoka itifaki: zilingane.
Hazikulingana. Mlingoti wa jirani wa kaskazini
ulipungua nusu ya kidole,
na saa mbili kasorobo asubuhi, hapa Kapripointi,
fundi wa shaba utamtoa wapi?
Nikachomoa mkobani kadi ya mchango wa harusi,
nikaikunja mara mbili, mara nne,
nikaisukumia chini ya kitako chake.
Mataifa matatu yakawa sawa.

Wakaingia. Makanali, makatibu,
mwanasheria mmoja mwenye mafua.
Dirishani ziwa lilikuwa limelala chali,
na lile jiwe lenye jina la Mjerumani
lilikaliwa na mnandi
akianika mabawa, hana haraka na mtu.

Ajenda ya kwanza: boti ya doria
iliyoonekana upande wetu tarehe kumi na nne, usiku.
"Uvamizi," wakasema wa kwetu.
"Kuvuka," wakajibu wa kaskazini.
Wakavutana hadi chai ikaota utando.
Ndipo wa mashariki, ambao safari hii hawakuhusika,
wakapendekeza "kupotea",
na chumba kizima kikashusha pumzi.
Nikaandika: boti ilipotea.
Ina rada, ina mzinga, ina mabaharia kumi na wawili,
ilipotea.

Ajenda ya pili, gugumaji.
Dakika nne tu. Lisakwe popote lilipo,
ling'olewe, lichomwe, gharama tugawane.
Hakuna aliyeuliza limetokea kwa nani.
Asiye na balozi hubishaniwa na nani?

Masatu naye balozi aliyemjua
ni wa nyumba kumi, kule Ukara.
Usiku ule ule wa tarehe kumi na nne
alitoka na mashine ya farasi kumi na tano,
taa sita za dagaa, redio, na koti la baba yake.
Shangazi bado anapiga ile namba.
Anamjibu yule dada mpole
kwamba mteja hapatikani kwa sasa,
na shangazi humshukuru kila mara.
Kwenye kabrasha langu, ukurasa wa kumi na moja,
Masatu yumo. Anaitwa "Mengineyo".

Mchana wakala pamoja, sangara na ugali wa muhogo.
Sikuona chuki mezani, nisiseme uongo.
Kanali wa kaskazini alimwonyesha wa kwetu
picha ya mjukuu aliyeota meno mawili,
wakacheka, wakapakuliana kachumbari.
Nikasogea na birika.
"Afande, kuna kijana wetu, nadhani yuko kwenu."
Akaniangalia kwa upole, upole wa kweli:
"Dada, andikeni barua. Ipitie wizara yenu
ya mambo ya nje."

Nje.
Simama mlangoni kwa shangazi usiku usio na mwezi,
taa za wavuvi zimetapakaa majini kama punje za ulezi,
kisha unionyeshe
ipi ni ya nje.

Saa kumi wakasaini.
Ujirani mwema umo mara saba, nilihesabu,
maana ni mimi niliyechapa.
Wakapiga picha, wakapeana vinyago na ving'ora
vikawasindikiza uwanja wa ndege.
Mnandi alikuwa ameshaondoka, sikumwona saa ngapi.

Nikabaki nakusanya vikombe.
Nikavuta kadi; mlingoti ukashuka
ukarudi kwenye kimo chake.
Nikaikunjua juu ya kitambaa cheupe,
nikailainisha kwa kiganja:
Familia inayo furaha kukuomba mchango wako
wa hali na mali
kufanikisha harusi ya Nyamisi na kijana wao Masatu.
Mwisho wa kupokea michango ni Ijumaa.

Leo Jumatano.
Mimi bado sijatoa.